Dado na Sahani ya Dagaa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Dado alikamua ng'ombe wawili wa bibi yake, Bibi Kadra. Walikaa katika kijiji cha Waorma karibu na Garsen. Dado alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kisha ikaja mvua ya elinino, Mto Tana ukafurika, ng'ombe wakafa. Gogo lililobebwa na maji likamvunja Dado mguu, na mfupa ukaunga kombo.

Tangu siku hizo Dado hakulia wala hakucheka. Akiambiwa kaa, alikaa. Akiambiwa inuka, aliinuka. Chakula chake kilikuwa chai ya rangi na ugali kidogo, basi.

Mwaka uliofuata, bibi alimpeleka hospitali Mombasa. Daktari akampima damu.

"Mguu tutaunyoosha," alisema, "lakini damu ni chache. Nampa vidonge. Rudini baada ya wiki tatu. Kama damu haijapanda, nafasi hii ya upasuaji tutampa mwingine, na ninyi mtangoja mwaka mzima."

Dado aliyasikia maneno hayo kama ya mtu mwingine.

Walifikia kwa Mama Jumwa, Mgiriama aliyewahi kulima mpunga jirani na kijiji chao. Bibi Kadra hakutaka kumlemea mwenyeji, kwa hiyo alinunua chakula mwenyewe: pakiti ya maziwa na mkate mweupe, asubuhi na jioni. Kwake yeye, mtoto aliyekunywa maziwa ameshiba. Hata vidonge, Dado alivimeza kwa chai ya maziwa.

Baada ya siku tano, midomo ya Dado ilikuwa imepauka zaidi, na pesa za bibi zilikuwa zinakwisha.

"Mama, usinione vibaya," Mama Jumwa alisema. "Pesa za pakiti moja na mkate mmoja, mimi napata mchicha, dagaa na ndimu, tukala sote. Na hivyo vidonge vya damu havitaki chai wala maziwa. Nesi alituambia kliniki tumeze kwa maji."

"Mchicha? Jumwa, majani si ya ng'ombe?"

"Mimi nimeyala miaka arobaini, mama. Nitazame, nimeota pembe?"

Bibi Kadra alicheka. Dado hakucheka.

Mchana huo sahani iliwekwa mkekani. Dado aliisukuma kando.

"Sisi hatuli samaki," alisema bila kuinua macho. "Samaki ni wa watu wasio na ng'ombe."

Kahindi, mwana wa Mama Jumwa, alikuwa rika lake. "Na ng'ombe wako wako wapi, bibie?"

"Wee Kahindi! Funga domo lako!" mama yake alifoka.

Dado aliwatazama wale dagaa, kila mmoja na kijicho chake.

"Walikufa," alisema.

Hakuwa amelitamka neno hilo hata siku moja. Machozi hayakuja. Alimega tonge la ugali, akachovya kwenye mchuzi, akala. Kahindi aliona haya, akamsogezea kipande cha ndimu.

"Kamulia," alinong'ona. "Harufu inapungua."

Tangu siku hiyo Bibi Kadra alifuatana na Mama Jumwa sokoni. Alijifunza kuchagua mchicha ambao haujanyauka na kuchambua kunde. Asubuhi walikunywa uji wa wimbi, mchana wakala dagaa au maharagwe na mboga. Maziwa hayakuachwa, Dado aliyanywa jioni, si wakati wa vidonge. Hakusema chakula ni kitamu, lakini alimaliza sahani.

Wiki tatu zilipotimia, daktari alisoma karatasi ya damu. "Imepanda. Mleteni Jumatatu."

Upasuaji ulifanyika siku hiyo. Alipozinduka, mguu ulikuwa umefungwa plasta nyeupe, umenyooka. Dado aliutazama kwa muda mrefu, kisha machozi yakaanza kutiririka. Bibi Kadra hakumnyamazisha. Alimfuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Mjukuu wangu, mimi ndiye niliyekosea," alisema. "Nilikuwa natafuta mjini chakula cha kwetu, na pesa zinakwisha na wewe unakwisha. Mgeni mwenye pesa kidogo na awaulize wenyeji wanakula nini. Chakula kinachojenga mwili si lazima kiwe cha bei. Na sahani ya mwenzako usiidharau, Dado. Hiyo ndiyo itakayokusimamisha."