Uliza Riba Kabla Hujasaini

Fundi seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Randa, alifungua karakana mapema. Chumba cha pili mkewe alikuwa akishona mapazia. Kesho Randa angesaini mkopo benki, anunue mashine ya kuranda na shehena ya mbao kabla hazijapanda bei tena. Dhamana ilikuwa karakana yenyewe.

Redio ikasema Benki Kuu imepandisha riba.

"Hayo ya wakubwa," alisema Randa. "Mimi na Benki Kuu tumeonana wapi?"

"Hamjaonana, lakini mfuko wako inaufikia," alijibu dada yake, akiingia. Yeye alifanya kazi katika chama cha akiba na mikopo. "Wifi, huyu mumeo ameusoma mkataba?"

"Wifi, huyu hata bei ya shati huisoma akishalivaa!"

Wakacheka. Dada akaketi juu ya mbao.

"Kaka, mbao zote hizo za kazi gani?"

"Zitapanda. Kila fundi anazikimbilia."

"Basi mnazipandisha wenyewe. Fedha za mkopo nyingi, mbao ni zilezile. Mfumuko wa bei huchochewa hivyo pia. Benki Kuu ikiona bei zinakimbia, hupandisha riba inayozitoza benki. Benki nazo zinatupandishia sisi. Watu wanapunguza kukopa na kununua, bei zinatulia."

"Si wapandishe sana tumalizane!" alisema mke.

"Wakizidisha, karakana zinafungwa, watu wanakosa kazi. Wakilegeza mapema, bei zinatimua mbio tena. Ndiyo maana wanakaa vikao na kupima. Haya kaka, mkopo wako riba yake inabadilika au haibadiliki?"

Randa akakuna kichwa. "Kwani riba si riba tu?"

"Ala! Ikiwa inabadilika, wakipandisha huko juu, rejesho lako la kila mwezi linapanda. Ukishindwa kulipa, karakana imekwenda."

Randa akakumbuka. Wakati wa mfumuko uliopita, mafundi wa mtaa ule walinyang'anywa vyombo vyao kwa mikopo wasiyoielewa. Wenye kujua hatari hiyo walifunga midomo. Waliodhani mtaa umesahau walikosea.

Asubuhi mume na mke walikwenda benki pamoja. Mke ndiye aliyeuliza, foleni nzima ikasikia:

"Riba hii inabadilika? Ikipanda mara mbili, tutalipa kiasi gani kwa mwezi?"

Ofisa akakiri kuwa inabadilika, akapiga hesabu, akawaonyesha. Kiasi kile kilizidi mapato yao ya mwezi mbaya. Randa akairudisha kalamu mezani.

Walikopa kidogo kwenye chama cha dada, kwa riba isiyobadilika. Dhamana ikawa mashine tu. Mbao walinunua za kazi iliyopo.

Miezi ikapita. Benki Kuu ikapandisha riba tena. Rejesho la Randa halikusogea hata senti, na karakana ikabaki yao. Jioni moja fundi makochi wa jirani akabisha hodi na mkataba mkononi.

"Shemeji, nasikia wewe ndiye mwenye maswali."

Mke wa Randa akasukuma mapazia pembeni, akafuta meza.

"Karibu, keti. Lakini kwanza kamwite mkeo."