Nywele Ndani ya Kitabu Chekundu

Vitabu vinne vilikuwa baridi kama bati la asubuhi. Cha tano, chekundu, kilikuwa na joto. Abdirashid alikishika, akakiweka chini, akajifuta kiganja kwenye kikoi. Mwingine angekirudisha palepale mnadani alikovinunua. Lakini huyu muuza ngozi wa mjini Kisii aliona faida kwanza, hatari baadaye, na mwaka ule wa 1949 alishasikia kwamba kuna Mzungu wa Kisumu anayetafuta vitabu vya zamani vya mashairi.

Akamwita Mwalimu Machogu wa Nyanchwa, Msabato mpenda vitabu, amwambie umri na thamani ya vitabu hivyo.

"Mwaka haukuchapwa," Machogu alisema akikigeuzageuza kile chekundu. "Wachapaji waliuficha makusudi, kisionekane kimepitwa na wakati dukani. Tunapima kwa jalada. Ona maua haya ya dhahabu, na kingo za kurasa nazo dhahabu pande tatu. Hiki ni cha enzi ya Malkia Viktoria. Na hapa mtu ameandika: kwa Edith, miaka sita, Krismasi 1871. Maandishi ya zawadi yanapandisha bei. Kinachoharibu ni harufu ya ukungu tu."

"Hata mimi nina miaka sita!" Dahabo akadakia. Ndiye mtoto pekee wa Abdirashid.

Kurasa zikafunguka katikati. Palikuwa na kishungi cha nywele za manjano kama za mahindi machanga, kimefungwa utepe wa samawati. Machogu akarudisha mkono haraka. "Hizo sigusi, ndugu yangu."

Kinsi, mke wa Abdirashid, akashughulikia harufu kwa njia anayoijua. Akatia makaa kwenye chetezo, akamwagia ubani na sukari, akavifukiza vitabu kama anavyofukiza nguo na nyumba wageni wanapotarajiwa. Ukungu ukatoka. Kazi nzuri, wallahi, ila hakuna aliyejiuliza mgeni ni nani.

Kuanzia hapo, kila mvua ya alasiri ilipopiga bati, kurasa zilisikika zikifunuliwa ndani ya sanduku lililofungwa kufuli. Kitanda cha Dahabo kikanuka maua yaliyooza. Mtoto akaacha kula, akawaka homa, akawa anaimba polepole maneno ambayo hakufundishwa na mtu, kisha ananyamaza kidogo, kama anayengoja mwenzake afunue ukurasa, halafu anaendelea.

Sheikh Gulled, aliyeitwa kumsomea mtoto, alipoingia alinusa tu. "Nani amemfukizia?"

"Mimi," Kinsi akanong'ona. "Nilifukiza vitabu. Kimoja kina nywele ndani."

"Aliyemo kitabuni alikuwa amelala, mwanangu. Umemwamsha na kumkaribisha. Zikeni kitabu na nywele pamoja, leo hii. Nywele zile ndizo zinazomshika humo. Mkizitoa, atatafuta nyingine."

"Umesikia, Baba Dahabo?" Kinsi akamuuliza mumewe. "Vyote viwili."

"Nimesikia."

Alisikia, ndiyo. Akazika nywele nyuma ya duka, kwenye migomba. Kitabu akakifunga guniani akisema moyoni kwamba kikiondoka mjini ni sawa na kuzikwa. Jioni homa ikashuka, Dahabo akaomba uji. Abdirashid akajiona mjanja.

Kesho yake asubuhi Mzungu alikuja, akanunua vyote vitano bila ubishi, akapanda gari, akafungua kile chekundu mapajani.

"Mzuri sana!" akasema kwa furaha. "Kumbe nywele pia iko!"

Abdirashid akachungulia dirishani. Utepe ulikuwa uleule wa samawati. Nywele zilikuwa nyeusi, zimejikunja, zinang'aa mafuta ya nazi ambayo Kinsi humpaka Dahabo, na kabla hajanyoosha mkono gari lilikuwa limeondoka, naye akalikimbilia akipiga kelele, kiatu kimoja kikibaki kwenye matope, watu wa sokoni wakicheka wakidhani amelipwa pungufu, akakimbia hadi mteremko wa mto na gari likapanda upande wa pili, likapinda, likapotea.

Akarudi nyumbani mbio. Kinsi alikuwa ameketi na kitana mkononi, akionyesha tu nyuma ya sikio la binti yao. Mahali hapo palikuwa peupe, nywele zimekatwa sawasawa.

Abdirashid akamshika Dahabo mkono. Ulikuwa baridi kama bati la asubuhi. Macho yalikuwa wazi, yakitazama mbali, mbele, yakiyumba kidogo kama ya mtu anayetikiswa njiani.

"Baba," akanong'ona, "mbona gari halisimami?"