Taa Iliyomuulizia Marehemu

Mama yangu hasikii. Masikio yake yalianza kuchoka miaka sita iliyopita, yakachoka polepole, mpaka yakafunga kazi kabisa. Lakini msimwonee huruma. Ukikaa mbele yake ukasema taratibu, anasoma midomo. Ukimsengenya kwa nyuma, anajua pia. Sijui anajuaje.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kipo mtaa wa pili kutoka nyumbani. Mke wangu anafundisha watoto wa chekechea. Mchana Mama hubaki peke yake, na ndiyo maana taa ya sebuleni ni muhimu kwetu.

Ni taa ndogo ya mezani. Balbu yake ni ya kisasa, ile inayoamrishwa kwa simu. Aliinunua marehemu baba, ambaye alikuwa fundi saa. Mlangoni akabandika kitufe cha kengele kisicho na waya. Mgeni akibonyeza, taa inapepesa: mbili fupi, moja ndefu. Mama anaiona, anainuka, anafungua. Baba alishinda siku nzima akiupima mpepeso huo kwa saa ya mkononi. Mama alisema, "Hiyo ndefu imezidi." Baba akaipunguza. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Baba alifariki mwaka jana. Taa iliendelea kupepesa kama kawaida.

Jumanne moja nilirudi mapema. Nikakuta mlango wazi, vumbi limejaa sebuleni. Mama alikuwa amekigeuza kiti chake, anautazama mlango. Chakula chake hakijaguswa.

"Mama, mbona mlango wazi?"

"Namsubiri Bi Miwani. Saa nane ilipita taa haijapepesa, ndipo nikaufungua."

Bi Miwani ni rafiki yake wa karata. Huja kila Jumanne saa nane mchana, jua liwake au mvua inyeshe.

"Hii ni Jumanne ya tatu haji," Mama alisema. "Kama nimemkosea, si aniambie? Mimi sijui nimefanya nini."

Niliona midomo yake inatetemeka. Mama yangu halii ovyo. Roho iliniuma sana.

Kesho yake Bi Miwani mwenyewe alikuja kibandani na kiatu kilichobanduka soli. Alikiweka mezani kwa kishindo.

"Mwambie mama yako asinifanye mtoto!" alisema. "Nimekuja Jumanne tatu. Nimebonyeza kengele mpaka kidole kimekufa ganzi. Namwona dirishani, kakaa, kanipa mgongo! Basi na asikae na mimi."

Nilibaki na nyundo hewani. Kumbe mmoja alikuwa ndani akisubiri, mwenzake alikuwa nje akibonyeza, na kila mmoja alidhani ameachwa.

Nilifunga kibanda nikakimbia nyumbani. Nikabonyeza kengele. Taa kimya. Nikabadilisha betri ya kitufe. Kimya. Nikachomoa balbu, nikaifuta, nikairudisha. Ikawaka vizuri kabisa. Nikabonyeza tena kengele. Kimya! Mimi kiatu kikiharibika nakiona kilipoharibikia. Hii balbu ilikuwa nzima, kitufe kizima, lakini haviongei. Nilizunguka sebule nzima kama kuku aliyepoteza vifaranga.

Mke wangu aliporudi, alitoa kwenye droo simu ya zamani ya baba. Programu ya taa ilikuwa humo. Tukaiwasha. Ikaandika: "Masharti yetu yamebadilika. Ingia upya. Tumetuma namba ya siri kwenye simu yako."

"Simu ya nani?" niliuliza.

"Ya baba. Akaunti ilikuwa ya baba."

"Baba hayupo."

"Taa haijui," alisema mke wangu.

Laini ya baba tuliiacha ikafa baada ya msiba. Lakini mke wangu akasema, "Hebu piga, tuone." Nikaipiga namba ya baba yangu. Ikaita. Halafu mwanamume akapokea.

"Halo?"

Nikaitazama tena namba kwenye kioo cha simu.

"Wewe... wewe ni nani?" niliuliza.

"Mimi muuza maua. Namba hii nimeinunua mwaka huu dukani. Nyie ndio mnaoniletea hizi namba za siri?"

"Ndiyo! Tafadhali nisomee ya mwisho."

"Thubutu! Namba ya siri hasomewi mtu nisiyemjua. Ndivyo wezi wanavyoanza." Akakata.

Nilikasirika. Lakini ukweli ni kwamba yule bwana alifanya sawasawa. Hata wewe msomaji ufanye hivyo hivyo.

Tukaiandikia kampuni iliyotengeneza taa. Tukaeleza kwamba mwenye akaunti amefariki. Jibu likaja: "Pole kwa usumbufu. Tafadhali mwenye akaunti aingie kwanza, kisha aombe msaada." Nikalisoma mara mbili. Nikampa mke wangu. Naye akalisoma mara mbili, akanirudishia.

Jioni ile tulimwita jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Ni mama mmoja anayetengeneza lifti za majengo marefu, sisi humwita Fundi Lifti. Aliingia na tochi mdomoni, akaichomoa balbu, akasoma maandishi madogo chini yake.

"Balbu ni nzima," alisema.

"Najua ni nzima! Ndicho kinachonichanganya."

Akacheka. "Tulia, fundi. Mgeni akibonyeza pale mlangoni, wewe unadhani habari inakwenda wapi?"

"Si kwenye taa? Ni hatua tano tu."

"Hapana. Inatoka humu ndani, inapita kwenye intaneti, inakwenda kwenye kompyuta ya kampuni huko iliko. Kompyuta ile inauliza: mwenye taa hii ameingia kwenye akaunti yake? Kama ameingia, amri ndiyo inarudi hapa, taa ipepese."

"Kwa hatua tano?" Kichwa kilizidi kuniuma. "Yaani chumvi iko jikoni kwangu, lakini nipige simu mji mwingine niombe ruhusa ya kuichota?"

"Umeshaelewa."

"Sijaelewa! Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Kwa mnunuzi ni rahisi siku ya kwanza. Anafungua akaunti, mambo yanakwenda. Tatizo ni siku intaneti ikikatika, kampuni ikibadili masharti, au mwenye akaunti akiondoka."

Kisha akatueleza dawa yake. Balbu ile na kitufe kile vina redio ndogo ndani, na redio hiyo inatumia lugha ambayo vifaa vya kampuni nyingi vinaielewa. Tunahitaji kompyuta ndogo, kubwa kama kipande cha sabuni, na kijiti cha redio cha kuchomeka pembeni yake. Ndani ya kompyuta hiyo tunaweka programu ya bure ya kusimamia taa. Amri itatoka mlangoni, itafika kwenye kompyuta hapa hapa kabatini, itakwenda kwenye taa. Haitatoka nje ya nyumba.

"Kwanza lazima balbu isahau akaunti ya zamani," alisema.

Mama alikuwa anatazama midomo yake muda wote. "Isahau nini?"

"Mambo ya zamani, Mama. Tuyafute, tuanze upya."

Mama aliinuka. Akachomoa taa ukutani, akaikumbatia na waya wake. "Hii kaiweka mume wangu. Haifutwi kitu." Akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.

Nilitaka kumfuata, lakini ningemwambia nini? Hata mimi moyo ulikuwa mzito. Ule mpepeso ndio sauti ya mwisho ya baba humu ndani.

Fundi Lifti hakubishana. Aliomba karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akaipitisha chini ya mlango. Aliandika hivi: "Mama, balbu haiujui mpepeso wa mzee. Ulikaa kwenye kompyuta ya kampuni, na huko umefungiwa. Humu ndani anayeukumbuka ni wewe peke yako."

Tukasubiri. Mlango ukafunguka. Mama alikuwa na taa mkono mmoja na saa ya baba mkono wa pili. Akaiweka taa mezani. Kisha akagonga meza kwa kifundo cha kidole: mbili fupi, halafu akakibana kidole mezani muda kidogo.

"Andika," alisema. "Na hiyo ndefu usiizidishe."

Jumamosi, kompyuta ndogo na kijiti chake vikiwa vimeshanunuliwa, tulifanya kazi. Kusahaulisha balbu ya aina ile, unaiwasha na kuizima mara sita mfululizo. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nikafika nne, mke wangu akaniuliza kitu, nikapoteza hesabu. Nikaanza tena. Nikafika saba. Mara ya tatu Mama alinisukuma pembeni, akafanya mwenyewe. Balbu ikapepesa kidogo kuonyesha kwamba imesahau.

Kitufe cha kengele nacho kilipaswa kusahau, na kilikuwa na tundu dogo la kubonyeza kwa ndani. Kila mtu alitafuta pini. Mimi nikatoa sindano yangu ya viatu. Angalau hapo niliheshimika.

Kompyuta ndogo iliviona vyote viwili. Fundi Lifti akaandika sheria moja: kitufe kikibonyezwa, taa ya sebuleni ipepese mbili fupi, moja ndefu. Mama alishika saa ya baba akipima. "Zidisha. Zidisha. Punguza. Hapo!"

Kulikuwa na balbu nyingine, ya koridoni. Hiyo ilishindikana. Haina redio ya namna ile, inamjua bosi wake mmoja tu. Tuliitoa tukaweka ya kawaida.

"Mkinunua tena," alisema Fundi Lifti, "muulizeni muuzaji kabla hajaifunga: je, inafanya kazi bila akaunti, na intaneti ikiwa imezimwa? Akianza kuzungukazunguka, rudisheni mkono mfukoni."

Alituachia na mengine. Swichi ya ukutani ya taa ile isizimwe, maana balbu isiyo na umeme haipokei amri. Umeme wote ukikatika, taa haitapepesa, kwa hiyo siku hiyo mmoja wetu awe karibu. Mipangilio tuinakili kwenye flashi. Na neno la siri la ile kompyuta tuliandike kwenye daftari, walijue watu wawili au watatu.

"Asilibebe mtu mmoja kichwani," alisema, akamtazama Mama. Mama akaitikia kwa kichwa. Neno la siri alilichagua yeye, na siwaambii.

Nilikwenda kumweleza Bi Miwani na kumwomba aje tena Jumanne. Nilieleza kampuni, akaunti, muuza maua, redio. Alinitazama kama anamtazama mtu aliyelewa asubuhi.

"Sijaelewa hata moja," alisema. "Kiatu changu kiko tayari?"

Jumanne nilibaki nyumbani. Tangu asubuhi intaneti ya mtaa mzima ilikuwa imekatika. Niliyaelewa maelezo, lakini kuamini ni kazi nyingine. Mama alikuwa ameufunga mlango. Kiti chake kilikuwa kimerudi mahali pake, mgongo kwa mlango, taa mbele yake. Alikuwa anachanganya karata.

Saa nane ikafika. Ikapita dakika tano. Kumi.

Taa ikapepesa. Mbili fupi, moja ndefu.

Nikaruka kwenda kufungua. Mama akanishika mkono.

"Kaa chini. Hiyo ni kengele yangu."

Akajifunga khanga vizuri, akaenda, akafungua. Bi Miwani alisimama pale amevaa kiatu chenye soli mpya, uso ameukunja.

"Leo umesikia?" aliuliza taratibu, ili Mama amsome.

"Nimeona," Mama alijibu. "Siku zote tatu sikuona kitu. Nilidhani umenichoka."

Uso wa Bi Miwani ukakunjuka. Alitaka kuingia, lakini Mama akamzuia kwa kiganja.

"Baki hapo hapo nje. Bonyeza tena."

"Nibonyeze tena? Si umeshanifungulia?"

"Bonyeza, shoga yangu."

Mama akafunga mlango, akarudi kitini, akaikazia macho taa. Ikapepesa. Akatabasamu. Bi Miwani, ingawa hakuelewa kitu, akabonyeza tena, na tena. Kila mara taa ilipepesa vilevile, kama baba alivyoipima, na Mama alikuwa anagonga meza pamoja nayo, machozi yakimtiririka.

Kisha akayafuta kwa pindo la khanga, akaniambia, "Sasa nenda kamfungulie. Karata zinasubiri, nataka kumfunga."