Ga Isiyo na Kitufe

Namkunda Mbwambo alibonyeza kitufe cheupe cha kinanda, na Sa, noti ya kwanza ya muziki wa Kihindi, ikamlia ndani ya fuvu. Chumbani hakukusikika kitu. Kinanda kiliwasiliana na kinyooshasauti, chembe ya chuma iliyopandikizwa nyuma ya sikio lake, nayo ilimpa noti na kumrekebishia usikivu kila alipopotoka. Tangu chuo cha Tanga kilete mashine hizo, sikio lililohitaji miaka kufunzwa lilifunzwa kwa miezi. Wanafunzi wote waliimba sawasawa.

Mwalimu wake, Hansaben, mama wa makamo kutoka ukoo wa Kigujarati uliokaa Tanga vizazi vingi, alikuwa amekataa chuma hicho. Siku hiyo alianza kumfundisha Darbari, mojawapo ya raga, yaani mipangilio ya noti ya muziki huo, kila mmoja na mwendo wake. Akamweleza kuwa Ga, noti ya tatu, katika raga hiyo hukaa chini kidogo ya kitufe cheusi, tena haitulii. Huyumba polepole kama mtu mwenye mawazo. Akaiimba. Namkunda akairudia.

"Umeimba ya kinanda," Hansaben alisema. "Sikiliza tena, mwanangu."

Namkunda akasikiliza. Aliliona koo la mwalimu likitikisika, lakini noti aliyoisikia ilikuwa imetulia tuli, palepale penye kitufe. Ndipo akaelewa. Chuma kilikuwa kikimnyoosha hata mwalimu.

Bakilana, mhandisi wa chuo aliyemwendea akitaka chuma kitolewe, hakumficha. Alisema kikitolewa, ubongo uliozoea kunyooshwa ungesikia kila noti imevurugika, na huenda hali hiyo isipone. Isitoshe, mtahini wa chuo ni akili mnemba inayopima kwa vitufe. Akamshauri avumilie mpaka apate cheti.

"Kitoe," Namkunda alisema. "Bora nisikie vibaya kwa sikio langu mwenyewe."

Na kweli alisikia vibaya. Kwa wiki nyingi hata sauti ya mama yake ilimjia kama debe linaloburutwa. Hansaben akamletea kinanda kikuukuu kisicho na akili yoyote, akampa sharti moja: aimbe kwanza, abonyeze baadaye. Namkunda akawa anaibahatisha Sa, anabonyeza, anagundua amekosa, anaanza upya. Alilia, akalaani, akaimba. Sa ikarudi, kisha Pa, noti ya tano. Ga ya Darbari aliitafuta peke yake, chini ya kitufe, pale ambapo kinanda hakina la kusema.

Siku ya mtihani, alipoifikia Ga hiyo, taa ya mtahini iliwaka nyekundu. Sauti isiyo na hasira ikamwarifu kuwa amekosea, na kwamba anaruhusiwa kusahihisha mara moja ili asipoteze cheti.

"Narudia," Namkunda alisema.

Akairudia palepale chini, akaiyumbisha taratibu zaidi, akaikalia mpaka pumzi ikamwishia. Taa haikuzimika. Hakuitazama tena; aliimba raga mpaka mwisho.

Cheti akanyimwa. Muhula uliofuata akajiandikisha upya, na alipoulizwa ataimba nini, akajibu: Darbari.