Anayepiga Laini ya Nne

Taa ya laini ya nne iliwaka kabla simu hazijafunguliwa. Mitambo ya redio ina visirani vyake kama binadamu, kwa hiyo mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, ambaye mji mzima ulimwita Shangazi, aliitazama tu ile taa nyekundu ikipepesa mezani, akasema, "Fundi, kidude chako kimeamka vibaya leo."

Fundi mitambo, aliyekaa upande wa pili wa kioo, aliinama chini ya meza, akachomoa waya na kuuinua ili Shangazi auone. Waya ulikuwa mkononi mwake na taa ikaendelea kuwaka.

"Labda ni umeme uliobaki," alisema Fundi, kwa sauti ya mtu asiyeamini maneno yake mwenyewe.

Wimbo wa kufungulia kipindi ulikuwa unaishia. Shangazi alivaa hedifoni, na papo hapo harufu ya maziwa yaliyoungua ikamjaa puani. Studio ile hata chai hairuhusiwi kuingia. Akawasalimia wasikilizaji wake kwa uchangamfu uleule wa kila siku, na chini ya sauti yake akasikia mtu mwingine akipumua. Zilikuwa pumzi fupi fupi, za mtoto aliyekimbia.

"Shangazi," pumzi zile zilisema. "Nitaje."

Mtu akiishia hapo atasema Shangazi alionewa, kwa hiyo ni lazima nyumba ya njano isemwe.

Wiki chache kabla ya siku hiyo, mtoto mdogo wa kiume aliuawa nyumbani kwao, na aliyeshtakiwa alikuwa baba yake mzazi. Hakimu alitoa amri kwa vyombo vyote vya habari: jina la mtoto lisitajwe, la wazazi lisitajwe, wala mtaa, wala shule. Alikuwepo dada wa marehemu, binti wa darasa la tatu, ambaye baada ya haya yote angepaswa kukaa na watu, kucheza na wenzake, na siku moja kuolewa bila kunyooshewa kidole. Amri yenyewe ilikuwa ya busara, lakini busara haijawahi kupigiwa makofi redioni.

Wasikilizaji walipandwa na hasira. "Mnamficha muuaji!" alifoka mmoja. "Mmekula ngapi?" aliuliza mwingine. Mama mmoja hakufoka, alilia tu: "Hata wewe, Shangazi? Hata wewe?" Hilo ndilo lililomchoma. Miaka yote watu wale walimletea ndoa zao, watoto wao watundu na wakwe zao wasioambilika, na yeye akawakemea na kuwabembeleza kama ndugu wa baba yao. Sasa walikuwa wanamwita msaliti hewani.

Majina alikuwa nayo, kama kila mtu katika chumba cha habari. Hakuyataja. Alichofanya ni kusema, huku sauti ikimkatika, kwamba yeye mwenyewe alipita jana mbele ya ile nyumba ya njano inayotazamana na mashine ya kusaga, akaona kishati kidogo bado kimeanikwa kwenye kamba. Laini zote ziliwaka kwa mkupuo. Meneja alitoka ofisini kwake akaja kusimama nyuma ya kioo, akamwinulia kidole gumba.

Kabla ya adhuhuri umati ulikuwa umefika kwenye nyumba ya njano. Baba alikuwa rumande, mama amelazwa hospitali hajitambui. Ndani walikuwemo bibi mzaa mama na yule binti tu. Mawe hayaulizi nani yumo. Moja lilimchana bibi shavu, na binti akaja kutolewa chini ya kitanda jioni, hasemi neno. Wakili wa kituo alisoma maneno ya kipindi kutoka mwanzo hadi mwisho, akashusha pumzi. "Hatukutaja jina," alisema. "Kisheria tuko salama."

Shangazi alitafuta walikohamishiwa bibi na mjukuu wake mpaka akapajua. Alikwenda na mfuko wa matunda, akabisha hodi. Mlango haukufunguliwa, ila bibi alimjibu kwa ndani, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Wewe ndiye wa redioni?"

"Ndiye, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Nenda zako, mwanangu. Mtoto akiisikia sauti yako anaingia chini ya kitanda. Hapa unavyosema, keshaingia."

Aliyaacha matunda pale mlangoni, akaondoka. Siku ya pili yake ndipo taa ya laini ya nne ilipowaka.

Tangu hapo haikuzimika. Wasikilizaji hawakusikia kitu, na mashine ya kurekodi ilinasa sauti ya Shangazi peke yake, lakini Fundi alisikia, na ndiyo sababu Shangazi hakujidhania kichaa. Wawili hao walianza kunong'ona kama wezi.

"Kasema tena?"

"Kasema. Na wewe umenusa?"

"Nimenusa. Nyamaza, anatusikia."

Harufu ilitoka studio ikaingia ukumbini, ikamfuata mpaka chooni mchana kweupe, na pale, akiwa amefungulia bomba anawe mikono, alisikia pumzi zile fupi ndani ya maji yanayotiririka, akafunga bomba zikabaki, akaziba masikio zikabaki, akasoma kila dua aliyofundishwa utotoni na hata vipande vya zile alizozisahau, na sauti ikazidi kumsogelea, sasa si masikioni tena bali nyuma ya shingo, mahali ambapo mtoto aliyebebwa mgongoni huegemeza mdomo wake, ikisema kwa upole, bila kuchoka, Shangazi, nitaje, kila mtu ananitaka, nitaje jina langu. Alitoka mbio na mikono inayodondosha maji, akamgonga mhasibu ukumbini, hata pole hakumpa.

Huruma ilimwingia pamoja na woga, na huruma ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Pengine mtoto hapumziki kwa sababu kafichwa. Pengine hakimu kakosea, na wale wanaofoka kwenye simu ndio wenye haki. Angelitaja jina lile mara moja tu, hewani, kwa heshima, mtoto akalala na mji ukampenda tena. Jina lilianza kumkaa ulimini kama pipi.

Fundi ndiye aliyemleta mjomba wake. Mjomba alikuwa mganga, mtu mfupi mwenye koti la suti na viatu vinavyong'aa, na alifika akilalamika kuhusu ngazi. Aliketi kwenye kiti cha Shangazi, akavaa hedifoni, akasikiliza huku amefumba macho. Alipozivua, paji lake la uso lilikuwa limelowa.

"Huyu si mtoto," alisema.

"Mjomba, mimi namsikia," Shangazi alinong'ona. "Anaomba nimtaje jina lake."

"Na yeye jina lake halijui? Mtoto wa miaka mitatu ukimwuliza anaitwa nani, anakujibu kabla hujamaliza, na la baba yake anakuongezea. Marehemu hana haja ya kuletewa jina lake. Anayeomba ni yule asiyekuwa nalo." Alishusha sauti. "Hili ni jini la makelele. Linakula vilio vya watu. Limeshiba nyumba ya njano, sasa linatafuta njia ya kumfikia aliyebaki, na jina ndiyo njia."

Fundi alijikunyata. Shangazi aliuliza, "Limeingiaje humu?"

"Kwa mlango uliofunguliwa. Siku ile ulipoisema nyumba, ulisikia nini moyoni?"

"Uchungu, Mjomba. Huruma."

"Mama, mimi si msikilizaji wako."

Shangazi aliangalia meza. Alizikumbuka zile taa zikiwaka zote pamoja, na joto lililompanda kifuani.

"Utamu," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilisikia utamu."

"Ndio huo mlango." Mjomba hakumbembeleza. "Kesho, kipindi kikianza, muulize jina lake mbele ya watu. Atashindwa. Akishindwa, funga mdomo. Usiweke wimbo, usiweke tangazo, kimya tupu mpaka taa izime. Asipolishwa sauti, hakai."

Kituo cha redio kunyamaza ni sawa na duka kufungwa mchana. Shangazi alijua Meneja atamfukuza. Lakini alilala usingizi mzuri, mara ya kwanza tangu mawe yale.

Asubuhi alifunga mlango wa studio kwa ndani. Mjomba na Fundi walikaa nyuma ya kioo. Taa ya laini ya nne ilikuwa bado inawaka, maziwa yakaungua, na Shangazi akasogeza kipaza sauti.

"Mwanangu," alisema, na mji wote ukamsikia. "Unaitwa nani?"

Pumzi zilikatika.

"Unaitwa nani? Sema mwenyewe."

Kilichomjibu hakikuwa mtoto. Alisikia sauti ya yule mwanamume aliyefoka mnamficha muuaji, na juu yake ile ya mmekula ngapi, na ya mama aliyelia hata wewe, kisha nyingine na nyingine, kila mtu aliyewahi kupiga simu kuhusu kesi ile akisema maneno yake yaleyale kwa wakati mmoja, zikisongamana masikioni mwake mpaka hedifoni zikapata moto, mpaka damu ikaanza kumchuruzika puani, na katikati ya zote, laini, yenye huzuni nzuri ya kuuzia habari, sauti yake mwenyewe ikisema: ile nyumba ya njano inayotazamana na mashine ya kusaga.

Akavivua vyombo vile, akazima vipaza sauti vyote na kukaa kimya.

Meneja alifika akapiga kioo kwa ngumi. Mdomo wake ulifunguka na kufumbika, na kioo kilikuwa kizito, basi matusi yote yalibaki kwake. Simu ziliwaka, hakuna aliyezipokea. Shangazi alibana midomo, akatazama laini ya nne ikififia polepole, ikapepesa, ikazimika. Harufu ikaondoka kama iliyofunguliwa dirisha. Mjomba aliinua mikono kushukuru, naye Fundi akalia kama mtoto mdogo.

Alifukuzwa kazi kabla hajafuta damu puani. Hakujali. Alishuka zile ngazi akiwa mwepesi, na kwa vile kichwa kilimgonga aliingia duka la dawa la mtaa wa pili kununua vidonge. Redio ndogo ilikuwa juu ya kabati, imewashwa. Aliwasalimia watu kadhaa waliokuwa wakisubiri zamu yao.

"Hii sauti naijua!" Mwuza dawa, mwanamke mnene mwenye uso wa ukarimu, alimshika mkono. "Si Shangazi wewe? Mbona leo umetunyamazia? Tumekaa hapa na redio yetu tunasikiliza kimya, tunasikiliza, hakuna aliyethubutu hata kukohoa."

"Mitambo," alijibu Shangazi. "Nipe vidonge, dada, niende."

Mwuza dawa hakugeukia rafu. Aliinama juu ya meza, akapunguza sauti. "Hapa tupo watu wazima. Mtaa wa nyuma kahamia bibi mmoja ana mshono shavuni, na mjukuu wa kike asiyesema. Ndio wenyewe?"

Harufu ya maziwa yaliyoungua ilitoka kinywani mwake.

Shangazi akarudi nyuma, akagota kwenye vifua vya watu. Waliokuwa wakisubiri zamu wote walikuwa wamemsogelea, wapole, vichwa vimeinama upande mmoja, wakipumua pumzi fupi fupi. Mjomba alilitoa lile jini studio, lakini hakuna aliyeuliza litakwenda wapi. Lilitoka na ule ukimya kwa njia ileile inayotoka kila kitu redioni, likaingia kila nyumba iliyokuwa imetega sikio.

"Hatutaki utaje jina," alisema mwuza dawa kwa huruma. "Jina usitaje. Tuambie tu kama ndio wao."

Shangazi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akaukaza mpaka meno yakamkata midomo. Alimwona akilini yule binti chini ya kitanda. Alimwomba Mungu amfanye bubu, na Mungu akamfanya bubu, neno halikutoka hata moja. Lakini macho yale yote yalikuwa yanamtazama yeye, yakimsubiri yeye, yakimpenda tena, na lile joto likaanza kumpanda kifuani.

Mdomo wake haukufunguka. Kichwa ndicho kilichoitikia.

Watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Mwuza dawa tayari alikuwa ameshika simu.