Kidole Gumba Changu Kilinidanganya

Nina miaka ishirini. Niliishia darasa la nane, na mbele ya watu maneno hunikaukia mdomoni. Ndiyo maana naandika, ingawa polepole...

Dada yangu Nafula ndiye aliyenilea, hapa mtaani Amalemba. Mwaka jana mkono wake wa kushoto ulianza kuuma na kuwa baridi. Hospitalini, nesi alitafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono huo, akayakosa. Daktari alisema mishipa mikubwa ya damu imevimba. Akampa vidonge. Vikishindwa, alisema, iko mashine ya kutoa damu, kuichuja na kuirudisha, ingawa haina uhakika.

Kutoa damu ya dada yangu? Waipeleke wapi? Sikuuliza. Nilirudi nyumbani na shaka yangu.

Siku ya soko nikampeleka Lubao kwa mpiga chuku, nikamweleza ya hospitali. Alimchanja mgongo, akabandika pembe, akanyonya. Damu nyeusi, nzito, ikajaa bakulini.

"Uchafu ndio huu, kijana! Wao wana mashine, mimi nina mdomo tu. Na hivyo vidonge ndivyo vinamchafua. Huniamini? Mshike mkono!"

Nilibonyeza kwa kidole gumba. Du, du, du... Mapigo! Kumbe nesi alitudanganya!

"Mbona bado ni baridi?" Nafula aliuliza.

"Dada, niamini."

Vidonge nikavitupa chooni, kwa mkono huu huu!

Kila asubuhi nilimshika, nikayapata mapigo. Miezi miwili ikapita... Siku moja akisonga obusuma, ugali wetu, mwiko ulimponyoka. Upande mmoja ukalegea, mdomo ukapinda.

Wodini nilimfokea nesi yule yule kwamba mapigo yapo, hata jana niliyashika! Hakugombana nami.

"Bonyeza hii meza," alisema. "Kwa kidole hicho hicho."

Nikabonyeza. Du, du, du...

Mungu wangu! Meza ina moyo? Miezi yote ile nilikuwa nikihisi damu yangu mwenyewe!

Nafula amerudia vidonge. Anatembea akishika ukuta, na obusuma nasonga mimi. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linanichoma zaidi.

"Hebu nishike mkono, ndugu yangu," aliniambia juzi. Nikatumia vidole viwili, kama nesi alivyonifundisha. Kimya...

Ndugu wasomaji, kushuku si kosa. Kosa langu ni kumficha daktari shaka yangu na kwenda nayo sokoni. Nawasihi, ulizeni, hata sauti ikitetemeka! Mimi nilishuku kila mtu, isipokuwa kidole changu.