Mashine Iliyoitwa Printa

Gari lilikuwa limeshawashwa. Bi Mwatum amekaa mbele, kikapu cha hina mapajani, dereva anapiga honi kumtoa paka njiani. Walikuwa wanakwenda Kizimkazi kumchukua bibi harusi. Bi Mwatum akatoa kichwa dirishani.

"Rahila!"

"Naam, mamkubwa!"

"Ile mashine usiiguse mpaka kaka yako Munir aje. Umesikia?"

"Naam!"

Gari likaondoka.

Bi Mwatum ni mpambaji wa maharusi, na Bububu nzima inamjua. Siku hizi kila harusi ina wasichana chungu nzima wanaotaka maua ya aina moja mikononi. Kwa hiyo alinunua mashine kuukuu kwa Mzee Jaku, muuza vitu vilivyotumika kule Darajani. Mashine hiyo hupokea mchoro kutoka kwenye kompyuta, na kisu chake kidogo hukata maua kwenye karatasi ya gundi. Unabandika mkononi, unapaka hina, ukibandua ua limebaki. Maua ya harusi hii yalitakiwa siku ile ile.

Rahila, mwanafunzi wa darasa la saba, aliitazama mashine mpaka uvumilivu ukamwisha. Alitaka mamkubwa akirudi akute kazi imekwisha. Akachomeka waya kwenye kompyuta.

Kompyuta ikaanza kumwuliza maswali kwa Kiingereza. Na Rahila amelelewa kwamba mkubwa akikuita au akikuuliza, unaitika kwanza, mengine baadaye. Basi kila swali akabonyeza ndiyo, na mdomoni anasema, "Naam... naam..." kama yuko mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Swali moja liliuliza kama kifaa hiki ni printa, yaani mashine ya kuchapa.

"Naam," akasema, akabonyeza.

Akatuma ua. Mashine ikanguruma, ikaivuta karatasi mbele na nyuma, kisha ikaitema bila hata mkwaruzo. Rahila akachomoa waya mbio, akaifunika mashine kanga, akaenda kuchambua mchele kama mtoto mwema.

Munir, anayesomea ufundi wa kompyuta, alipofika alichomeka waya. Kompyuta ikaandika kwamba printa iko tayari.

"Printa? Nani kakwambia hii printa?" Munir akaigombeza kompyuta. Akaingiza programu ya mashine, akazima, akawasha. Printa. Akabadilisha waya. Printa tu! Mashine inacheza juu ya meza kama iko harusini tayari, lakini kukata haikati.

"Rahila, umeigusa?"

"Mimi? Hata!"

"Basi Mzee Jaku katuuzia kitu kibovu."

Akampigia simu. Haukupita muda, vespa ikasikika nje, na Mzee Jaku akaingia anahema.

"Shikamoo, mzee," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Nani kasema nimeuza maiti? Mimi nauza vikongwe, mwanangu, maiti siuzi! Jana nimeijaribu dukani, ikakata."

"Leo haikati, mzee. Bi Mwatum akirudi ntamwambia, na Bububu nzima itajua."

Mzee Jaku akakunja mikono ya kanzu. "Haya. Natia udhu. Nileteeni msahafu, niape kwamba ilikuwa inakata."

Akafungua bomba. Rahila aliyaona maji yakipita kwenye mikono ya yule mzee, na mchele ukamwagika.

"Babu, usiape! Ni mimi!"

Akaeleza yote, na zile naam pia. Munir alicheka mpaka akakaa chini.

"Umeiitikia kompyuta naam? Sasa nshajua! Imelishika jibu lako. Kila ikiiona mashine inasema, aa, printa yangu hiyo. Na mimi natafuta ugonjwa kwenye waya!"

Akaifuta ile printa kwenye orodha ya vifaa, akachomoa waya, akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Alipochomeka tena, kompyuta ikauliza swali lake, na safari hii akachagua mashine ya kukata. Kisu kikashuka. Likatoka ua la asumini, safi. Mzee Jaku akapiga kigelegele, tena kikali kuliko cha wanawake.

Bi Mwatum alirudi na bibi harusi na wageni, akakuta maua yamejaa meza. Rahila akamweleza mwenyewe.

"Kuigusa ni utundu," Bi Mwatum akasema, "na adhabu yake leo utabandua vibandiko vyote wewe. Lakini ile 'hata' yako ndiyo mbaya. Ilitaka kumwapisha mtu mzima kwa kosa lisilo lake. Ukikosea, sema pale pale. Fundi anatengeneza anachoambiwa. Ukimficha, atahangaika na kizima akiache kibovu."

Bibi harusi aliolewa, anaishi Chukwani, ana mtoto mmoja. Munir alimaliza masomo, anatengeneza kompyuta mjini. Mzee Jaku bado anauza Darajani. Rahila yuko kidato cha pili. Bi Mwatum anaendelea kupamba maharusi.